Mlio wa Chini ya Motokaa

Wengi wetu husafiri kwa motokaa, walakini ni wachache wajuao kilichopo kati ya kiti tunachokalia na barabara tunayopita. Katika somo hili tutaifuata siku moja ya fundi wa motokaa katika mji wa Moshi, siku iliyomwendea vibaya tangu asubuhi hata jioni. Mwenye kuisoma hatakuwa fundi kwa hiyo. Lakini kila mtu afanyaye kazi kwa mikono yake, au amwaminiye mwingine amfanyie kazi, ataona jambo la kumfaa.

1. Kazi ya springi, shokapu na bushi

Gurudumu likipanda jiwe au likiingia shimoni, hupigwa. Kama lingefungwa moja kwa moja katika mwili wa motokaa, pigo lile lote lingewafikia abiria. Tena tairi lingerukaruka juu ya barabara, na tairi lisilogusa barabara haliwezi kuligeuza gari wala kulisimamisha. Kwa sababu hii huwekwa springi katikati.

Motokaa nyingi za zamani zilitumia springi za vipande vya feleji vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908, ilikuwa na springi moja ya namna hiyo iliyokingama mbele, na nyingine nyuma. Malori mengi yanazo hata leo. Lakini motokaa ndogo za siku hizi, nyingi zina springi ya mviringo mbele, iliyo kama waya mnene uliozungushwa, nayo imevikwa juu ya shokapu, hata vyote viwili huwa kama nguzo moja isimamayo juu ya gurudumu. Mpango huu huitwa kwa jina la Mmarekani Earle S. MacPherson aliyeubuni, nao ulikuwamo katika Ford Consul na Ford Zephyr zilizoonyeshwa Uingereza mwaka 1950.

Springi hubeba uzito, lakini ina tabia moja: ikishinikizwa na kuachiliwa, hucheza juu na chini wala haitulii upesi. Kuituliza ni kazi ya shokapu. Ndani yake mna mafuta, na pistoni yenye vitundu vyembamba; mafuta yakilazimishwa kupita katika vitundu hivyo, mwendo hupungua, na nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Basi springi hubeba, na shokapu hutuliza.

Tena, chini kabisa uko mkono wa chuma unaolishika gurudumu lisisogee mbele wala nyuma. Mahali mkono huo ulipoungwa na mwili wa motokaa pana bushi, yaani bomba mbili za chuma, ndogo ndani ya kubwa, na mpira umegandishwa katikati yake. Msomaji na aikumbuke bushi hii, maana tutaijia tena.

2. Saa mbili asubuhi

Mzee mmoja aliileta motokaa yake, akasema, "Fundi, upande wa kushoto mbele unagonga. Nikipita kwenye shimo nasikia ko-ko, na nikishika breki nasikia tena. Kesho saa saba tuna maziko milimani Upare. Leo saa kumi nataka kuwachukua ndugu wanne tuende tukalale kwenye msiba."

Fundi akajibu, "Saa kumi itakuwa tayari, mzee."

Akashika boneti upande wa kushoto, akaishinikiza kwa nguvu na kuiachilia. Motokaa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka tena. Nayo ingalikuwa nzima, ingalitulia baada ya kupanda mara moja. Akainama, akaona mafuta yamechuruzika nje ya shokapu. Akasema, "Ugonjwa ni huu." Mzee akatoa fedha, zikanunuliwa shokapu mbili, kwa kuwa si vema kuweka mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili.

Hapo fundi alikuwa amekwisha kukosa, ijapokuwa shokapu ilikuwa mbovu kweli. Alikuwa na mambo manne ya kutazama, naye akatazama moja. Hakulitikisa gurudumu likiwa limeinuliwa, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuipima boljointi. Hakuisukuma bushi kwa mtaimbo. Alikiona kibovu kimoja, akadhani hakuna kingine.

3. Nati zilizokataa

Motokaa ikainuliwa kwa jeki, ikawekwa juu ya stendi za chuma. Maana jeki ni ya kuinulia tu, wala mtu mwenye akili haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu likatolewa. Nguzo ya shokapu hushikwa na bolti mbili chini, na nati tatu ndogo juu, ndani ya boneti. Kwa kawaida ni kazi fupi.

Lakini motokaa hii, kama nyingine nyingi za nchi hii, ilinunuliwa Japani ikiwa imekwisha kutumika huko. Kaskazini ya Japani theluji huanguka kwa wingi, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ile huingia chini ya magari, nayo hukiharakisha chuma kushika kutu. Nati za chini zilikuwa zimeshikana na bolti zake kana kwamba ni chuma kimoja.

Kijana mwanafunzi wa kazi akaweka spana, akaivuta kwa uzito wake wote. Spana ikateleza, pembe za nati zikalika, na vidole vya kijana vikachubuka. Fundi akamwambia, "Mwanangu, nati ya kutu haishindwi kwa hasira." Wakaisugua hesi kwa brashi ya waya, wakatia mafuta ya kulegeza kutu, wakangoja. Wakajaribu spana ya pembe sita, ambayo huikamata nati kwa pande zake zote. Nati moja ikalegea. Ya pili haikulegea. Moto hawakuweza kuutumia, kwa sababu mpira wa breki ulikuwa karibu. Mwisho wakachukua msumeno wa chuma, wakakata. Upande wa kulia mambo yakawa vivyo hivyo. Hata wakamaliza, saa sita imepita.

4. Hatari iliyofungwa

Sasa ilibaki kuitoa springi ili ivikwe shokapu mpya. Hapa sharti tueleze jambo ambalo limewaumiza watu. Katika motokaa ndogo yenye uzito wa kilo 1000, kila springi ya mbele hubeba yapata kilo 250 au zaidi. Hata nguzo ikiwa imetolewa na kulazwa mezani, springi ingali imebanwa ndani yake. Kinachoizuia isiruke ni nati moja tu iliyo katikati, juu ya nguzo. Mtu akiifungua nati hiyo kabla ya kuibana springi kwa chombo chake, springi na kifuniko chake vitaruka kwa nguvu ya kuvunja taya.

Kijana, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwenda, alikuwa amekwisha kuweka spana juu ya nati ile. Fundi akapiga kelele, "Acha!" Kijana akauondoa mkono wake. Fundi hakumtukana. Akaleta vibanio viwili, akavitia pande mbili za springi vikielekeana, akavikaza kwa zamu, mizunguko michache huku na mizunguko michache kule, hata springi ikalegea katika makao yake. Ndipo akaifungua nati ya katikati, naye akasimama kando, wala si mbele yake.

Akamwambia kijana, "Dakika kumi hizi tumezipoteza. Uso wako ungalipotea, tungaliununua duka gani?"

5. Mlio ulirudi

Saa tisa motokaa ilishushwa, fundi akaiendesha. Alipopita juu ya shimo la kwanza, akasikia: ko-ko.

Wasomaji, kila mtu wa kazi aijua saa ya namna hii. Kutwa nzima imekwisha, fedha ya mwenye mali imetumika, mikono inauma, na tatizo liko pale pale. Fundi akasimamisha motokaa kando ya njia, akakaa kimya. Kisha akarudi, akaiinua tena, akafanya sasa yale aliyopaswa kuyafanya asubuhi. Akalitikisa gurudumu: zima. Akaipima boljointi: nzima. Akatia mtaimbo penye bushi ya mkono wa chini, akausukuma. Mkono ukasogea na kugonga chuma: ko.

Akaweka spana kwenye bolti ya bushi ile, akijiandaa kwa vita vingine. Bolti ikafunguka bila ubishi, imepakwa grisi safi. Juu ya kichwa chake palikuwa na mstari mdogo wa rangi nyeupe. Mafundi wengine huweka alama kama hiyo ili wajue kwamba bolti imekwisha kukazwa, na mstari ule ulikuwa wa fundi mwenyewe. Miezi minane nyuma yeye ndiye aliyeiweka bushi hii, ikiwa mpya. Sasa mpira wake ulikuwa umepasuka kwa kuzunguka, kama nguo iliyokamuliwa mno.

6. Kosa lilikuwa nini?

Bolti ya bushi ikikazwa, hulibana bomba la ndani lisizunguke. Kuanzia hapo mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga, kidogo huku na kidogo huku. Basi jinsi mkono ulivyokaa wakati wa kukaza, ndivyo mpira utakavyohesabu kuwa mahali pake pa kupumzika.

Fundi akikaza wakati gari limening'inia juu ya stendi na gurudumu limelegea chini, mpira hupumzika katika hali hiyo ya kuning'inia. Motokaa ikishushwa, mkono hupanda, na mpira hujinyonga siku zote, hata motokaa ikiwa imesimama nyumbani usiku. Kila shimo huuongezea. Baada ya miezi michache hupasuka. Kwa hiyo sheria ya kazi ni hii: bolti za bushi za namna hii hutiwa na kukazwa kidogo tu gari likiwa juu, kukaza kwa mwisho hufanywa uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu yake.

Fundi alikuwa anaijua sheria hiyo. Siku ile alikuwa na haraka, na kukaza gari likiwa juu ni rahisi zaidi, maana pana nafasi ya kupitisha spana. Hakuna aliyemwona.

7. Jioni

Mzee alikuwa akingoja barazani tangu saa kumi. Bushi mpya ilipatikana, lakini iliyopasuka ilikuwa haijatolewa, na kuitoa kulihitaji mashine ya kushindilia iliyokuwa katika karakana ya jirani, ambayo imekwisha kufungwa. Mzee akauliza, "Fundi, haiwezekani kwenda hivi hivi, polepole, hata Upare?"

Fundi angaliweza kunyamaza na kumwachia ufunguo. Angaliweza pia kusema kwamba bushi za siku hizi hazidumu. Neno hili husemwa sana, na mara nyingine ni kweli. Akajibu, "Hapana, mzee. Mkono huu ukisogea wakati wa kushika breki, gurudumu hugeuka bila usukani, nanyi mtakuwa watu watano mlimani. Tena kosa ni langu. Mimi niliikaza vibaya, na leo asubuhi sikuitazama. Bushi na kazi yake sitakudai. Nitaanza kesho alfajiri."

Mzee akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Umenichelewesha, fundi, na ndugu zangu watanilaumu. Lakini umeniambia." Akaondoka kwa miguu.

Alfajiri bushi ikatiwa. Motokaa ikashushwa ikasimama kwa magurudumu yake, na kijana akalala chini yake juu ya gunia, mahali pembamba, akaikaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu. Pembe za magurudumu zikapimwa, maana nguzo ikitolewa huweza kurudi imepinda kidogo, na tairi hulika upande mmoja. Saa tatu mzee akaondoka na ndugu zake wanne. Motokaa haikulia.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, kibovu cha kwanza kuonekana si lazima kiwe chenye kuleta ugonjwa. Tazama vyote kabla ya kufungua kimoja. Pili, kutu hushindwa kwa mafuta na subira. Tatu, usifungue kamwe nati ya katikati kabla springi haijabanwa. Nne, kaza bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Maswali

1. Springi hufanya kazi gani, na shokapu hufanya kazi gani?
2. Kwa nini mlio haukwisha baada ya shokapu mpya kutiwa?
3. Kwa nini bolti iliyofunguka kwa urahisi ilimsikitisha fundi kuliko zile zilizokataa?
4. Katika kazi yako mwenyewe, ni jambo gani ambalo likifanywa vibaya leo halitajulikana ila baada ya miezi minane?