Tulianza kumi na wawili, tumebaki watatu

*Shikamoo dada. Nimestaafu ualimu mwaka jana. Watoto wote wako mbali, na mzee wangu kutwa yuko kwenye shamba la parachichi. Nikaona niwakusanye kina mama na mabinti wa mtaani, tukutane kila Jumatano tufume sweta na vitambaa vya makochi, na anayeweza kudarizi foronya adarizi. Siku ya kwanza tulikuwa kumi na wawili. Leo tumebaki watatu. Binti mmoja anayetumia mkono wa kushoto nilimfumulia kazi yake yote aanze upya. Aliondoka na hajarudi. Wengine wanasema bila upatu hawaoni cha kuwaleta. Je, nifunge au nianzishe upatu? – Mama N., Njombe*

Marahaba, mdogo wangu Mama N., na pole. Aliyezoea darasa zima kusimama kumwamkia kila asubuhi, nyumba ikimnyamazia ghafla anaumia. Neno upweke hukuliandika, ila barua yako imejaa upweke. Ulichofanya ni kizuri: badala ya kukaa ndani ukihesabu siku za watoto kupiga simu, ulitoka ukaita watu. Usikijutie.

Watatu si wachache

Kumi na wawili wa siku ya kwanza wengi wao walikuja kutazama kuna nini. Ndivyo watu walivyo, na si kosa lao. Wale wawili wanaorudi kukaa nawe wiki baada ya wiki ndio kikundi chako.

Ukifika Unguja, watazame wanawake wanaoshona kofia za mkono. Kofia moja ina vitobo visivyohesabika, na kila kitobo kinazungushiwa uzi kwa sindano mpaka kikae sawa. Kazi hiyo hula wiki, pengine miezi. Ukiifanya peke yako chumbani, moyo unachoka kabla ya mkono. Kwa hiyo utawakuta uani au barazani, wawili watatu, kila mmoja na yake magotini. Hakuna mwenyekiti wala daftari la mahudhurio. Mikono ina shughuli na mdomo uko huru. Nimeona mara nyingi, jambo ambalo mama hawezi kulisema akitazamwa usoni, atalisema akiwa ameinamia sindano. Nimesikia habari za ndoa, za maradhi na za watoto waliopotea njia zikisemwa hivyo, polepole, kati ya kitanzi na kitanzi.

Hicho ndicho unachokitafuta, mdogo wangu. Sweta ni kisingizio chake, tena kisingizio kizuri, maana baridi ya Njombe mwezi wa sita na wa saba haina mzaha.

Binti wa mkono wa kushoto

Hapa sitakubembeleza. Ulikosea.

Anayefuma kwa kulia, kazi yake hutoka kulia kwenda kushoto. Wa kushoto huenda kinyume chake. Kwa macho yako mstari wake ulionekana umepinduka, kumbe ulikuwa mzima kabisa. Ukaufumua mbele ya wenzake. Kazi yake yote ikarudi kuwa uzi uliojikunja mapajani, na kila aliyekuwepo akajifunza kwamba pale kwa mwalimu mtu anasahihishwa. Sidhani kama ni yeye peke yake uliyempoteza siku ile.

Najua hukufanya kwa ubaya. Ualimu wa miaka mingi hauvuliwi kama kanga. Lakini mama aliyetoka kufua, kupika na kupalilia hakuja kwako kupewa alama. Akikosea kweli, akaruka kitanzi na kitambaa kikaanza kubana upande mmoja, muulize kama anataka kuonyeshwa. Akikubali, onyesha kwa kipande chako, na chake umwachie afumue kwa mkono wake mwenyewe. Akisema atakiacha hivyohivyo, kiache. Kitambaa kilichopinda hufunika kochi vilevile.

Na huyo binti, ukitaka kumfundisha, usikae ubavuni mwake. Kaa mkabala naye, magoti yakaribiane, akutazame kama anavyojitazama kwenye kioo. Mkono wako wa kulia ukivuta uzi, wake wa kushoto uko upande huohuo, unavuta wake. Mwanzishe na mnyororo wa vitanzi tu kwa sindano ya kroshia na uzi mnene wa rangi ya kung'aa, kwa sababu uzi mweusi humficha mwanafunzi kosa lake. Sweta isubiri.

Upatu je?

Upatu si jambo baya. Umesomesha watoto na kuezeka nyumba nyingi nchi hii. Ila usiuweke kwenye Jumatano yako.

Nitakueleza kwa nini. Zamani nilikuwa kwenye kikundi cha kudarizi, tuko kumi na mmoja, tunapendana. Tukaanza kuchanga. Mweka hazina wetu mtoto wake akaugua, akatumia fedha za wenzake akitegemea kuzirudisha mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, fedha hazikurudi. Hakuwa mwizi, alikuwa mama. Lakini kuanzia hapo kila tukikaa, jicho liko kwenye daftari na sindano zimelala. Tulisambaratika, na wapo ambao mpaka leo hatusalimiani ila msibani. Fedha zile nimezisahau. Wale dada zangu sijawasahau.

Kuna na upande wa sheria. Mkishaanza kuweka akiba na kukopeshana mnakuwa kikundi cha fedha, na kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vya namna hiyo vinatakiwa kusajiliwa. Na kama kuna wanaotamani mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, nao una masharti yake: usajili, katiba, akaunti ya benki na shughuli inayoeleweka. Wanaotaka hayo waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, waanze kikundi chao, siku yao na daftari lao. Wewe ukipenda jiunge huko pia. Jumatano kila mtu aje na uzi wake, na chai ipikwe kwa zamu.

Biashara ya sweta za shule usiikimbilie. Mwenye mashine ya kufumia atawashinda kwa kasi na kwa bei, nanyi mtageuka vibarua mliochoka.

Kama mnataka kazi ya pamoja

Fumeni kofia za watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana mafuta machache chini ya ngozi, joto humtoka upesi. Mama humbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, na mtoto huvishwa kofia na soksi. Kofia yenyewe haizidi chungwa kubwa, hata anayejifunza ataimaliza bila kukata tamaa. Kabla ya kununua uzi, nenda ukamwone muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi hospitali iliyo karibu, umuulize wanahitaji saizi gani na wanapokea kwa utaratibu upi. Uzi uwe laini usiowasha, unaovumilia kufuliwa. Msiweke vifungo wala shanga.

Wiki hii

Punguza muda: saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, mwenye kupika chakula cha jioni awahi. Wanaokuja na watoto watandikie mkeka pembeni, na mikasi ikae juu. Mvua ikinyesha au ukiwa na mtu mmoja tu, kaeni. Siku ile ile, saa ile ile, watu wajue mlango wako uko wazi.

Lakini kabla ya Jumatano, nenda nyumbani kwa yule binti. Usimtume mtu. Chukua bunda moja la uzi wa rangi aliyokuwa akifumia, umwambie mbele ya mama yake kwamba kazi yake haikuwa na kosa, kosa lilikuwa lako. Kisha muombe akuonyeshe anavyoshika sindano.