Mshenzi ni Nani? Somo la Usawa kutoka Ufukwe wa Ziwa Mweru



Ndugu zangu katika imani, somo letu la toleo hili linahusu usawa wa wanadamu. Ni mada tuliyoizoea. Wenzetu darasani wakituuliza kuhusu ubaguzi, jibu tunalo mdomoni: Uislamu ulilimaliza jambo hilo zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na Bilal (R.A.) ndiye ushahidi. Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyo, mpaka nilipokwenda Nchelenge.

Nilikwenda huko, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwa utafiti wangu wa mwaka wa tatu kuhusu biashara ya samaki wakavu. Nchelenge iko ukingoni mwa Ziwa Mweru, na ng'ambo ya pili ni Kongo. Kuna soko la samaki pale Kashikishi, na asubuhi utakuta chisense, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wetu, wameanikwa juani. Wenyeji huzungumza Kibemba, lakini nilisikia Kiswahili pia. Wanaokizungumza ni Wakongomani: wachuuzi wanaovuka ziwa, na wakimbizi waliokimbia mapigano ya Katanga ya Juu na Tanganyika kuanzia mwaka 2017. Wengi wao walihamishiwa makazi ya Mantapala, wilayani humo humo, mwaka 2018.

Siku moja kijana aliyekuwa akishusha magunia alinipiga kikumbo, nikamwagikiwa na maji ya samaki. Nikasema kwa hasira, "Mshenzi wee!" Mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akigeuza samaki kando yangu aliinua kichwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwana yangu, mushenji njo nani?" Yaani, mshenzi ndiye nani? Sikuwa na jibu. Niliondoka na swali lake, na ndilo ninalowaletea leo.

Neno na historia yake

Katika Kiswahili cha pwani, mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye Mwislamu, asiyehesabiwa kuwa na ustaarabu. Neno ustaarabu lenyewe chimbuko lake ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Aliyesimama upande wa pili ni mwungwana, mtu huru. Kwa hiyo neno mshenzi halikuwa tusi tu. Lilisaidia kuamua ni nani anaweza kukamatwa na kuuzwa bila dhamiri ya mnunuzi kusumbuka.

Na pale ziwani neno hilo lilifika na bunduki. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, alimshinda chifu Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Ziwa Tanganyika, akachukua pembe za ndovu na mateka. Ndani ya Mweru kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina lile lile la mji wa pwani yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa hicho kilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa watumwa. Katika misafara ile walikuwamo watu waliosema lugha hii ninayoiandika na walioelekea kibla hiki tunachokielekea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hata hapo ilipita miaka mingine 24 kabla sheria ya Zanzibar haijaacha kuutambua utumwa, mwaka 1897.

Tippu Tip mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika. Hivyo si rangi ya ngozi peke yake iliyowatenga watu. Ukoo, dini na neno lile la ustaarabu vilifanya kazi hiyo hiyo.

Najua tunavyojitetea. Tunasema Wazungu walifanya makubwa zaidi kuvuka Atlantiki. Ni kweli walifanya. Lakini Siku ya Kiyama sitaulizwa juu ya daftari la mtu mwingine.

Tunafundishwa nini?

Sote tunaijua aya ya 13 ya Suratul Hujurat: wanadamu wameumbwa kutokana na mwanamume na mwanamke, wakafanywa mataifa na makabila ili wajuane, na mbora wao mbele ya Allah (S.W.) ni mwenye taqwa zaidi. Tunaisoma sana kwenye makongamano. Sasa rudi nyuma aya mbili tu. Aya ya 11 inakataza watu kudharau watu wengine, inawataja wanaume na wanawake, na inakataza kuitana kwa majina mabaya. Kabla hatujafika kwenye usawa wa mataifa tunapitishwa kwenye ulimi. Mimi nilikuwa nimeihifadhi ya 13, nikairuka ya 11.

Fikirini pia kisa cha Abu Dharr (R.A.), kilichopokewa na Bukhari. Alimtukana mtu kwa kumwaibisha kwa mama yake. Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba bado ndani yake mna ujahiliyya, kisha akamfundisha kuwa watumishi ni ndugu zetu, wale tunachokula na wavae tunachovaa. Abu Dharr alikuwa miongoni mwa waliotangulia kusilimu. Kutangulia huko hakukumkinga. Kama ujahiliyya uliweza kubaki ndani ya swahaba, hatuna sababu ya kudhani kwamba shahada imetusafisha sisi moja kwa moja.

Yule aliye chini yako

Baada ya siku chache nilimtafuta kijana yule nikamwomba radhi. Akacheka, akasema hakuelewa hata nilichomwita. Kisha nikaenda kukaa na yule mama. Alinisimulia walivyokimbia kutoka upande wa Pweto na watoto wake. Yeye ni Mluba. Nilimuuliza kuhusu Wabatwa, jirani zao wa msituni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bale habako sawa na siye." Wale hawako sawa na sisi.

Katika jimbo la Tanganyika, Wabatwa na Waluba wamepigana mara kwa mara tangu mwaka 2013, na pande zote mbili zimeua na kuchoma vijiji. Mama huyu ana majeraha yake na sikuwa na haki ya kumhukumu. Lakini Wabatwa nao wana malalamiko ya miaka mingi: kulipwa ujira duni mashambani, kukosa sauti katika utawala, kuonekana si watu wa kuoana nao. Mama aliyenivua neno langu alikuwa na neno lake.

Hapo ndipo nilipoelewa somo. Anayetukanyaga tunamwona mara moja. Tunayemkanyaga hatumwoni mpaka aseme. Ukitaka kuupima usawa wako, usianze na aliye juu yako. Anza na unayeweza kumdharau bila kupata hasara yoyote.

Turudi kwetu

Watu wa Luapula husimulia habari za Nachituti, dada wa chifu Nkuba. Kaka yake alimuua mwanawe, naye akaenda kwa Mwata Kazembe kutafuta haki. Nkuba aliposhindwa, Nachituti alimkabidhi Kazembe nchi: kikapu cha udongo na chungu cha maji. Haki ya nchi ile, ardhi na maji, husimuliwa kuwa ilitoka mkononi mwa mwanamke. Lakini ufukweni nilikofanyia utafiti, mitumbwi niliyoiona ilikuwa ya wanaume, na wanawake walisubiri bei waliyopangiwa.

Kabla sijawanyooshea kidole, nilikumbuka vikao vyetu vya jumuiya. Dada zetu hupika, huchangisha, hupanga ukumbi. Maswali yao huandikwa kwenye karatasi, na karatasi hufika mbele muda ukiwa umekwisha. Nimewahi kuwa mshereheshaji, na nimewahi kuzikunja karatasi hizo nikaziweka mfukoni. Suratul Mujadila inafunguka kwa Allah kumsikia mwanamke, Khawla bint Tha'laba (R.A.), aliyeleta malalamiko juu ya mumewe. Allah alimsikia, mimi nilimweka mfukoni.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Ni maneno gani tunayotumia hosteli kuwaita watu wa kabila, mkoa au nchi nyingine? Yana historia gani?
2. Mpishi na mfagiaji wa chuo chetu tunawaita kwa majina yao?
3. Katika kikao kijacho, nani atasoma maswali ya dada zetu, na saa ngapi? Au watayauliza wenyewe?

Ewe Mola wetu, tuondolee ujahiliyya uliobaki vifuani mwetu, utuoneshe tunaowadhulumu kabla hawajatushitaki kwako. Amin.

Wabillahi tawfiq.