Ndigana Baridi: Tuijue, Tuizuie

Ng'ombe amezubaa. Hali majani. Maziwa yamepungua. Jirani anatuambia, "Hiyo ni ndigana." Lakini ni ndigana ipi? Tukikosea hapo, tunapoteza fedha za dawa na ng'ombe pia.

Ndigana ziko mbili. Zote huletwa na kupe, lakini vijidudu vyake ni tofauti. Dawa maalumu ya ndigana kali haiponyi ndigana baridi.

Ng'ombe mwenye ndigana kali huvimba mitoki chini ya masikio na mbele ya bega. Baadaye hupumua kwa shida.

Ndigana baridi huletwa na bakteria wanaoingia katika chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huharibika, damu ikapungua. Tumfungue mdomo, tutazame ufizi. Utakuwa mweupe, na baadaye manjano. Kinyesi huwa kigumu na kikavu. Mkojo hauwi mwekundu. Ukiwa mwekundu, huenda ni ugonjwa mwingine.

Ndama hawaugui sana. Wanaokufa zaidi ni ng'ombe wakubwa, wa miaka 2 na kuendelea. Kwa hiyo tusidanganyike kwa kuona ndama wanaruka-ruka zizini.

Ugonjwa huu hauletwi na kupe tu. Nzi wanaouma hueneza pia. Hata sisi wenyewe tunaueneza, tunapochoma sindano moja kwa kundi zima, au kukata pembe na kuhasi kwa kisu kilekile chenye damu.

Tufanye hivi:

1. Tuogeshe ng'ombe kwa dawa ya kupe, kwa siku na kipimo tulichoelekezwa.

2. Kila ng'ombe na sindano yake. Kisu kioshwe na kuchemshwa.

3. Tumwite bwana mifugo mapema. Iko dawa, kama oksitetrasaiklini, nayo husaidia ikiwahi. Maziwa yake tusinywe wala tusiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

4. Mgonjwa asikimbizwe wala kuswagwa mbali. Damu yake ni kidogo, anaweza kuanguka akafa njiani. Apewe kivuli, maji na majani mabichi.

Aliyepona bado ana vijidudu katika damu. Kupe wakimuuma, huwapelekea wengine. Basi tusiache kuogesha.

Maswali

1. Ufizi wa ng'ombe mwenye ndigana baridi una rangi gani?

2. Kwa nini mgonjwa asikimbizwe?

3. Kijijini kwetu, sindano ya ng'ombe hutumiwa mara ngapi?