JE, NI HALALI KUNAKILI NYIMBO NA PROGRAMU?

Masomo: Yeremia 22:13, Warumi 13:1-7, 1 Timotheo 5:18

Waumini wengi hapa Kakuma wanauliza: kunakili nyimbo za injili kwenye simu ni kosa? Na vijana wetu wanaojaza nyimbo kwa malipo sokoni, tuwaambie nini? Wengine wanalisha wadogo zao kwa kazi hiyo. Basi tujifunze taratibu.

1. Sheria ya nchi inayotuhifadhi

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Wimbo hulindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Sauti iliyorekodiwa ina ulinzi wake wa pekee.

Sheria hiyo haikufunga kila mlango. Inaruhusu matumizi ya binafsi yaliyo ya haki. Tena iliweka utaratibu wa wenye rekodi kufidiwa kwa tozo ya vyombo vya kurekodia na kanda tupu, maana inajulikana kwamba watu hunakili nyumbani. Mama aliyenunua CD ya kwaya, akaihamishia kwenye simu yake asikilize akipika, hatumwiti mwizi.

Lakini kutengeneza nakala za kuuza au kukodisha bila ruhusa ni kosa la jinai. Anayelipwa kwa kila wimbo anaoujaza hawezi kusema ni matumizi ya binafsi. Hiyo ni biashara.

2. Programu za kompyuta

Sheria huhesabu programu kuwa kazi ya maandishi, kama kitabu. Aliyeipata kihalali aweza kuweka nakala ya akiba, ya kwanza isije ikaharibika. Hiyo si ruhusa ya kuiingiza katika kompyuta za darasa zima, hata kama darasa ni la kanisa.

3. Neno la Mungu

Yeremia alimkemea mfalme aliyejenga jumba lake kwa jasho la watu bila kuwalipa. Paulo naye anafundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Kwaya ya wakimbizi huchanga fedha kidogo kidogo mpaka iingie studio. Nakala moja ikiuzwa, ikazaa mia kibandani, wanakwaya hawapati hata nauli. Tukisema umaskini unaturuhusu, maskini mwenzetu aliyeimba tutamjibu nini?

Tukumbuke pia kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 14, unasema kazi za sanaa za mkimbizi zilindwe kama za raia wa nchi anamoishi. Sheria inayotubana ndiyo inayotulinda.

4. Tufanye nini?

a) Vijana wenye vibanda waende kwa viongozi wa kwaya, wapate ruhusa kwa maandishi na kupatana mgawo. Tusiwafukuze, tuwasaidie kupatana.

b) Kwaya inayotaka nyimbo zake zisambae bure iandike hivyo wazi.

c) Kwa kompyuta, tumieni programu huru kama Ubuntu na LibreOffice. Leseni zake zinaruhusu kunakili na kumpa jirani.

d) Tenzi za zamani: Fanny Crosby alifariki mwaka 1915, hivyo maneno aliyoyaandika yeye hayalindwi tena. Lakini tafsiri au rekodi mpya yaweza kuwa na mwenyewe. Ulizeni kwanza.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika simu zetu, ni nyimbo zipi tulizonunua, tulizopewa na mwenyewe, au tulizojaziwa kibandani?

2. Kama wimbo ungekuwa wa binti yetu, tungependa utendewe vipi?

3. Kijana akiacha kuuza nakala, kanisa litamsaidiaje asilale njaa?

Bwana atupe mikono safi na moyo wa kuhurumiana. Amina.