Kanuni ya Mchezo Mmoja Isiuharibu Mwingine: Bao katika Kipindi cha Hesabu



Hakuna ubishi kwamba mchezo ni zana ya kufundishia. Mtoto anayechoshwa upesi na hesabu za ubaoni huweza kuinamia mashimo ya bao kwa muda mrefu, akijumlisha na kutoa bila kusukumwa na mtu. Ndiyo maana wanachuo wengi waendapo mazoezi ya kufundisha hupenda kuliingiza bao katika vipindi vya hesabu, nasi tunawaunga mkono. Lakini mara nyingi bao linapofika darasani huwa limekwisha kuvikwa kanuni za michezo mingine, hasa drafti, ludo na kandanda. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kanuni iliyo njema katika mchezo mmoja inavyoweza kuuharibu mchezo mwingine, na jinsi mwalimu awezavyo kulirahisisha bao pasipo kulivunja.

Tuchukue darasa la tatu katika kata ya Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Zana hazina gharama: mashimo huchimbwa ardhini chini ya mti, na kete huwa ni komwe au kokoto. (Korosho mbichi zisitumike, ingawa ni nyingi huko, kwa kuwa ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi.) Baadhi ya watoto wamekwisha kuwaona wazee wakicheza. Mwalimu anayo kila sababu ya kufaulu. Tuangalie ni wapi aweza kukwama.

Bao limejengwaje?

Bao lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kila mchezaji anamiliki safu mbili. Kete ni 64. Mchezaji huanza na kete 10 katika mashimo yake na 22 mkononi. Katika hatua ya namua kila mmoja huingiza kete moja kwa zamu, mpaka za mkononi zimalizike. Ndipo huja hatua ya mtaji. Kinacholiwa ni kete za safu ya mbele tu. Aliyeishiwa na kete katika safu hiyo ameshindwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa. Vilevile ameshindwa asiyeweza tena kucheza.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: kete iliyoliwa haitoki. Hubadili mwenyewe tu. Mlaji huzichukua alizokula na kuzigawa moja moja katika safu yake ya mbele, na ya mwisho ikiangukia mahali panapofaa, hula tena na kuendelea. Kwa hiyo zamu moja huweza kuwa ndefu, na hesabu ya kila shimo hubadilika papo kwa papo. Tangu mwanzo hadi mwisho kete hubaki 64.

Kanuni ya drafti ndani ya bao

Mwalimu anayetaka watoto wahesabu walichopata huwaambia: "Kila mkila, toeni kete mziweke pembeni, mwishoni tutahesabu nani anazo nyingi." Hiyo ni kanuni ya drafti. Katika drafti ni kanuni ya busara. Ubao wa drafti una miraba 64, nao mchezo huchezwa katika 32 tu, kila mchezaji akiwa na kete 12. Mwanzoni njia zimezibwa. Kete zinapotoka njia hufunguka, na anayefika mwisho wa ubao hupata kingi. Kupungua kwa kete ndiko kunakoupa mchezo uhai.

Katika bao kupungua huko ni kifo. Tuseme watoto wawili wamekula mara kumi, na kila mara wametoa kete tatu. Kete 30 zimeondoka, zimebaki 34 katika mashimo 32. Hiyo ni karibu kete moja kwa kila shimo. Nayo kanuni ya mtaji yasema kwamba shimo lenye kete moja haliwezi kuanzishia mchezo. Mchezo unasimama wenyewe, watoto wanatazamana, naye mwalimu anaandika katika tathmini yake kwamba bao halifai kwa somo la hesabu.

Hasara haziishii hapo. Ya kwanza, zamu zimekuwa fupi, maana aliyekula hana cha kugawa. Mazoezi ya kuhesabu ambayo mwalimu aliyatafuta ameyaondoa kwa mkono wake. Ya pili, kimepotea kipimo cha ukweli. Katika bao kamili mtoto mwenye kete 27 anaweza kujua pasipo kuuliza kwamba mwenzake anazo 37, kwa kuwa 64 kutoa 27 ni 37. Ya tatu, na hii ndiyo inayotuumiza zaidi, mtoto mzito wa kuhesabu aliyepoteza kete 20 mapema hana tena njia ya kuzipata. Katika bao kamili zipo mbele ya macho yake, katika mashimo ya mwenzake, na zamu moja iliyohesabiwa vema huweza kumrudishia nyingi. Mchezo unaomruhusu kuinuka tumeugeuza kuwa mchezo wa kumthibitishia kwamba hawezi.

Dadu ya ludo

Mwalimu mwingine anamwonea huruma mtoto huyo na kuleta dadu: namba itakayotokea ndiyo shimo la kuchezea. Dadu inafaa katika ludo, mchezo uliosajiliwa Uingereza mwaka 1896 kwa kufuata pachisi ya Wahindi. Ludo ni mbio, na dadu huwapa wadogo na wakubwa nafasi ya kushinda pamoja. Lakini kiini cha bao ni kuchagua shimo. Mtoto hutazama kila shimo na kujiuliza: "Nikianzia hapa, ya mwisho itaangukia wapi?" Dadu ikichagua, swali hilo halipo. Kinachobaki ni mkono unaogawa kete na jicho linalongoja bahati. Na msaada wenyewe haukuhitajika, kwa sababu, kama tulivyoona, bao tayari lina njia yake ya kumrudisha aliyepotea.

Filimbi ya kandanda

Tatu ni filimbi. Kipindi kinakaribia kwisha. Mwalimu anapuliza, kila mtoto anahesabu kete zake, na mwenye nyingi anatangazwa mshindi. Kandanda huamuliwa kwa dakika na mabao, na hakuna ubaya wowote uwanjani. Lakini watoto ni wepesi wa kusoma kanuni. Baada ya siku mbili hugundua kwamba kete za safu ya nyuma haziliwi, hivyo huzilimbikiza huko na kungoja filimbi. Mwenye kete 40 nyuma na mbili mbele hushangiliwa, ilhali kwa kanuni za bao yu ukingoni mwa kushindwa. Kanuni ya kuazima imekifanya kosa kuwa ushindi.

Kwa nini hutokea hivyo?

Kanuni za mchezo hushikana kama miti ya paa: ukibadilisha mmoja, uzito wote huhama. Wanaosoma Nachingwea wanao mfano mkubwa katika historia ya hapo. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Karanga si zao baya, wala trekta si chombo kibaya; bali vililetwa kwa ukubwa na kwa haraka kabla ardhi na mvua za mahali havijachunguzwa ipasavyo. Mwalimu naye achunguze kwanza ardhi ya mchezo.

Hatusemi kwamba michezo isiazimane. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion alibuni Kalah, mchezo wa jamii ya bao wenye mashimo sita kila upande. Humo kete huwekwa ghalani, na mwenye nyingi hushinda. Lakini ghala lile lipo katika njia ya kugawia kete: mchezaji akilipitia la kwake huacha kete moja, na ya mwisho ikiangukia humo hupewa zamu nyingine. Mbunifu aliipa kanuni ya kuhesabu akiba nafasi yake, akaupanga mchezo mzima kuizunguka. Huo ni mchezo mwingine, wenye jina lingine. Kosa ni kulibandika ghala juu ya bao na kuendelea kuliita bao.

Kurahisisha bila kuvunja

Bao kamili ni gumu kwa mtoto anayeanza. Lirahisishwe kwa kupunguza yaliyomo, wala si kwa kuongeza yasiyo yake. Hatua zifuatazo zafaa.

Hatua ya kwanza: kugawa tu. Watumie safu moja ya mashimo manane, pasipo kula. Mwalimu aulize: kete tano za shimo la tatu zitaishia shimo la ngapi? Mtoto atabiri kwanza (3 + 5 = 8), kisha agawe ahakikishe.

Hatua ya pili: bao la kujifunza. Ziwekwe kete mbili mbili katika mashimo yote 32, zitimie 64. Hakuna namua wala nyumba, lakini kula na kugawa vipo. Hivi ndivyo wachezaji wenyewe huwaanzisha wageni wa mchezo, na tazameni kwamba uti wa mgongo haukuguswa: hakuna kete inayotoka.

Hatua ya tatu: bao kamili. Kila mmoja aanze na kete 10 chini na 22 mkononi. Watoto waeleze kwa nini kete 20 za mwanzo, zikiongezwa 44, hutimiza 64, na baada ya zamu 15 mashimoni zitakuwa ngapi.

Darasa la watoto 60 ligawanywe wanne wanne: wawili wakicheza, wawili wakiandika. Yatahitajika mabao 15 na kete 960, ambazo watoto wenyewe wataziokota. Kipindi kikiisha, filimbi isiamue mshindi. Waandishi wachore jedwali la safu nne na nguzo nane, wajaze idadi ya kila shimo, na wahakikishe kwamba jumla, pamoja na kete za mkononi kama zipo, ni 64. Kipindi kijacho mchezo uendelee kutoka hapo.

Maswali ya mazoezi

1. Kabla ya kuongeza kanuni yoyote, jibu kwa maandishi: katika mchezo inakotoka inafanya kazi gani? Je, kazi hiyo ipo katika mchezo inakopelekwa?

2. Chezeni bao la kujifunza mara mbili: mara moja kwa kanuni zake, mara moja kwa kutoa kete zilizoliwa. Kila baada ya zamu tano andikeni ni mashimo mangapi yanaweza kuanzishia mchezo. Linganisheni majedwali hayo mawili.

3. Chagua mchezo mmoja wa watoto wa kijijini kwako, mathalani mdako au rede. Taja kanuni ambayo ikiondolewa mchezo huo hautakuwapo tena, kisha andaa kipindi kimoja kinachoutumia mchezo huo bila kuigusa kanuni hiyo.