Punje thelathini katika kopo

MZEE mmoja, mkulima wa skimu ya unyunyizaji hapa Bura, kaunti ya Tana River, alinijia miaka kadhaa iliyopita akichechemea. Mwiba wa mathenge ulikuwa umemchoma wayo. Nilipokwisha kuusafisha mguu nilimpima pia shinikizo la damu, nikalikuta liko juu sana. Nikamuuliza kama alikuwa na habari.

"Nilipewa tembe, Daktari," akajibu. "Nilizimeza miezi miwili nikajiona mzima. Mtu mzima humeza dawa ya nini?"

Mpendwa msomaji, swali la mzee huyu huulizwa na wengi, mjini na mashambani. Shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Mtu hulima, hucheza na wajukuu na hulala vyema, kumbe mishipa yake inaharibika kimyakimya. Ishara ya kwanza yaweza kuwa kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au figo kuharibika.

Mzee yule aliijua hatari hiyo kwa kuwa alikwisha kuelezwa. Alichokosa ni ari ya kuendelea. Basi nikamuuliza: "Mzee, zamu yako ya maji shambani huisahau?" Akacheka. "Hata siku moja! Nina makopo mawili. Kila kukicha nahamisha punje moja ya mahindi kutoka kopo hili hadi lile. Punje zikiisha, zamu imefika."

Nikamwambia dawa yake ndiyo hiyo. Akaenda nyumbani, akatenga makopo mengine mawili na kutia punje 30 katika moja. Kila asubuhi, akishameza tembe, anahamisha punje moja. Zinapobaki tano anajua ni wakati wa kuja kuchukua dawa nyingine. Baada ya miezi michache shinikizo lake lilikuwa limeshuka hadi kiwango cha kuridhisha. Tembe ndizo zilizolishusha, lakini bila punje zile tembe zingebaki kabatini.

Kwa nini ari hufifia?

Tunapoanza jambo jipya, moyo huwa na moto. Tunaapa kupunguza uzito, kuacha sigara au kutembea kila siku. Wiki ya tatu moto umezimika. Wengi hujilaumu kuwa ni wavivu, lakini sababu kubwa ni kwamba faida ya afya huchelewa kuonekana, ilhali taabu yake huonekana leo.

Watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, kama vile kula tunda au kufanya mazoezi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa kwa wastani ilichukua takriban siku 66 kabla ya jambo kufanyika bila kujisukuma. Wengine walihitaji muda mfupi zaidi, wengine miezi mingi. Jambo la kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuvunja zoea.

Hivyo basi, tunahitaji kitu cha kutuvusha siku hizo za mwanzo, kitu kinachoonekana kwa macho na kinachofurahisha. Hapo ndipo ubunifu unapoingia, na hauhitaji fedha.

Mambo ya kujaribu nyumbani

1. Safari ya kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, angalau dakika 150 kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Mwombe mtoto wako achore barabara ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480, kisha paka rangi kila kilomita unayotembea. Ukienda kilomita tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, utafika baharini baada ya wiki 32. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako, nawe utakuwa umeanza safari. Watoto watakuuliza kila jioni: "Baba, leo umefika Voi?"

2. Tarehe kwenye pakiti ya chumvi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani isiyofika kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya viwandani. Unapofungua pakiti ya nusu kilo, iandike tarehe. Katika nyumba ya watu wazima wanne, pakiti ikiisha kabla ya siku 25, mmezidisha. Shindaneni na pakiti iliyopita. Ladha itafuteni katika ndimu, ukwaju, tangawizi na vitunguu saumu.

3. Wimbo wa kazi. Wapokomo wa kando ya mto Tana wana wimbo wa kubembelezea watoto ambao sauti yake ndiyo iliyotumiwa kutunga wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Mama hamwamrishi mtoto alale, bali humwimbia. Mwili nao hauamrishwi kwa kelele. Tunga beti mbili zako mwenyewe za kutembelea, au za kunawia mikono kwa sekunde 20. Haidhuru zisipokuwa na vina.

4. Pandikiza jipya juu ya la zamani. Usiliache jambo jipya likielea. Liunganishe na lile usilokosa kamwe: tembe baada ya chai ya asubuhi, kunyoosha viungo kabla ya taarifa ya habari, kukagua nyayo kila uvuapo viatu ikiwa una kisukari.

Ukikosa siku moja, usiitupe karatasi wala kumwaga punje. Endelea kesho yake. Lakini usimeze tembe mbili kwa mpigo ili kufidia ile ya jana bila kumwuliza daktari.

Tahadhari

Ubunifu ni mwenzi wa matibabu, hauchukui nafasi yake. Usipunguze wala kuacha dawa kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri, kwani mara nyingi ni vizuri kwa sababu unazimeza. Punje zikae kwenye kopo, lakini tembe zibaki katika pakiti yake, mbali na watoto. Mwenye maradhi ya moyo aonane na daktari kabla ya kuanza mazoezi mazito. Na mtu akipinda mdomo ghafla, akilegea upande mmoja, akishindwa kusema au akibanwa na kifua, akimbizwe hospitalini mara moja.

Ikiwa hujapimwa shinikizo la damu kwa muda mrefu, pita katika zahanati iliyo karibu nawe wiki hii. Kisha tazama jikoni mwako. Huenda makopo mawili matupu yapo pale yakikungoja.