Kuteua Diski Mpya kwa Kipakatalishi Kikuukuu: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mtafiti

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi huenda nyanjani na kinasasauti, akarejea na ngano na nyimbo kutoka kwa wazee ambao huenda asiwakute tena. Kazi hiyo yote huishia ndani ya kipakatalishi, aghalabu kilichonunuliwa baada ya kutumika ng'ambo, ambacho diski yake ni ile ya zamani ya kuzunguka. Diski hiyo inapoanza kugonga-gonga, au tasnifu inapochukua dakika nzima kufunguka, wengi hudhani kwamba dawa ni mashine mpya. Mara nyingi diski ya SSD hutosha, almuradi iteuliwe vyema. Makala haya yanashikilia kwamba uteuzi huo sharti uanzie kwenye mashine kuukuu yenyewe, wala si kwenye bei au kasi iliyochapishwa pakitini. Mfano wetu ni ThinkPad X220, kipakatalishi cha mwaka 2011.

2.0 Tofauti baina ya Diski Hizi

Diski ya kuzunguka huwa na sahani na mkono wa kusomea. Sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 11. Kwa wastani, basi, mkono hungoja milisekunde 5.6 kabla ya data kuufikia, mbali na muda wa mkono wenyewe kusogea. SSD haina kitu kinachosogea. Huhifadhi data kwa chaji za umeme ndani ya seli, na hujibu katika sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kuwasha mashine ni kusoma maelfu ya faili ndogo ndogo, na hapo ndipo nafuu huonekana zaidi.

3.0 Umbo na Tundu

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kabla ya kwenda dukani, soma mwongozo wa mtengenezaji wa mashine yako, kisha uzime mashine, utoe betri kama inatoka, ufungue kifuniko na kutazama. Utakuta mojawapo ya maumbo haya:

(a) Diski ya inchi 2.5 yenye kiungo cha SATA. Unene wake huwa milimita 9.5 au 7. SSD nyingi za umbo hili zina milimita 7. Katika nafasi ya milimita 9.5, SSD hiyo huhitaji fremu ndogo ya kujazia. Katika X220, ambayo nafasi yake ni ya milimita 7, huingia barabara. Mashine za kale zaidi zenye kiungo cha IDE hazipokei SATA.

(b) Kadi ya mSATA, yenye upana wa takriban milimita 30 na urefu wa takriban milimita 51. X220 ina nafasi moja ya kadi hii.

(c) Kadi ya M.2, yenye upana wa milimita 22. Nambari 2242 au 2280 huonyesha upana huo, kisha urefu: milimita 42 au 80.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua kadi ya M.2 kwa ajili ya nafasi ya mSATA, kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kwamba "zote ni kadi". Haikuingia, na fedha hazikurudi. Hata hivyo, kuingia pekee hakutoshi. M.2 hutumia ama SATA ama NVMe, na kadi ya NVMe ikiwekwa katika nafasi iliyoundwa kwa SATA pekee, mashine haitaitambua kamwe.

4.0 Kasi Inayofaa

SATA ina vizazi vitatu: gigabiti 1.5, 3 na 6 kwa sekunde. Diski ya kizazi kipya hufanya kazi katika mashine ya kizazi cha kale, lakini kwa mwendo wa mashine. SSD yenye uwezo wa kusoma megabaiti 550 kwa sekunde itafikia takriban 280 tu katika tundu la gigabiti 3. Katika X220, nafasi ya inchi 2.5 ni ya gigabiti 6, ilhali ile ya mSATA ni ya gigabiti 3. Kwa hiyo, hakuna haja ya kulipia kasi ambayo tundu haliwezi kuipitisha.

5.0 Uimara na Ughushi

Seli za SSD huchakaa kwa kuandikwa, na watengenezaji hutaja kiwango cha uandishi wanachokidhamini. Kingston A400 ya gigabaiti 240, kwa mfano, imetajiwa terabaiti 80. Anayeandika gigabaiti 20 kila siku atafikia kiwango hicho baada ya siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Kwa mwanafunzi wa kawaida, basi, uchakavu si tishio kuu.

Tishio kubwa zaidi ni diski ghushi, inayotangaza terabaiti kadhaa ilhali ndani ina uwezo mdogo. Hiyo hupokea faili bila kulalamika, kisha huzipoteza. Kabla ya kuiamini diski mpya, ijaze kwa programu ya H2testw au F3, ambazo huandika data kisha huisoma tena kuhakiki, na ufanye hivyo kabla muda wa kurejesha bidhaa haujapita.

6.0 Kuhamisha Data

Tahadhari kabla ya hatari. Diski kuukuu ikianza kugonga, acha kazi nyingine zote na unakili kwanza rekodi na tasnifu. Ikiwa bado ni nzima, Clonezilla inaweza kuihamisha yote, pamoja na mfumo wa uendeshaji.

SSD pia hufa, na aghalabu hufa kimya, bila mlio wa kuonya. Faili iliyofutwa humo ni vigumu kuirejesha, kwa sababu mfumo huiarifu diski isafishe seli hizo. Tena, SSD iliyochakaa ikikaa muda mrefu bila umeme huweza kupoteza chaji, na data ikatoweka. Kwa hiyo isiwe ghala pekee la sauti za wazee. Usiache mbachao kwa msala upitao: diski ya zamani, ikiwa nzima, itiwe katika kasha la USB iwe nakala rudufu, na nakala nyingine iwekwe mahali tofauti.

7.0 Hitimisho

Diski mpya haibadilishi kila kitu. X220 haitimizi masharti rasmi ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine hiyo anaweza kufikiria Linux. Hata hivyo, anayejua umbo, tundu na kizazi cha mashine yake ataingia dukani akiwa na maswali matatu ya kumuuliza muuzaji, na majibu yake tayari anayo.